Siku kumi za notisi: uwanja wa mbio za farasi uliokosa mtu wa kuusimamisha

Kisa chenyewe

Jumamosi ya Juni 8, 2019, bodi ya serikali inayosimamia mbio za farasi katika jimbo la California, Marekani, iliutaka uwanja wa Santa Anita usitishe mashindano kwa siku saba za mbio zilizokuwa zimebaki. Farasi waendelee na mazoezi, bodi ilisema, ila wasishindane. Wikendi hiyohiyo idadi ya farasi waliokufa uwanjani hapo tangu mwisho wa Desemba ilifika 29. Uwanja ukashauriana na chama cha wenye farasi na chama cha wakufunzi, kisha ukajibu kwamba mbio zitaendelea hadi msimu uishe.

Jibu hilo halikuvunja sheria yoyote. Bodi ndiyo iliyotoa leseni, lakini ili iisimamishe ilihitaji kikao cha hadhara kilichotangazwa siku kumi kabla. Msimu ulikuwa ufungwe Juni 23, yaani siku kumi na tano baadaye. Hata bodi ingeitisha kikao asubuhi ileile, ingepata muda wa kufunga siku chache tu za mwisho.

Nimekichagua kisa hiki kwa sababu ya hesabu hiyo. Walioandika juu ya Santa Anita wameandika zaidi juu ya udongo, mvua, dawa na mjeledi, na yote hayo yana nafasi yake. Mimi nataka tuangalie swali ambalo kila anayeendesha chama cha michezo, mamlaka ya bandari au bodi ya mazao anapaswa kuwa na jibu lake: mambo yakiharibika leo saa nane mchana, nani ana haki ya kusema "simama", na asiposikilizwa anafanya nini?

Majina ya wakufunzi, majoki, wenye farasi, madaktari na farasi wenyewe nimeyaacha, ingawa mengi yaliandikwa magazetini. Uwanja na taasisi za umma siwezi kuzificha. Kampuni inayoumiliki uwanja nitaiita tu mmiliki.

Usuli: fedha za taifa, sheria za jimbo

Msomaji wa Nairobi anayezijua mbio za Ngong hapati shida kujua nani anawajibika. Uwanja ni mmoja, uko Ngong Road, na unasimamiwa na Jockey Club of Kenya. Marekani haikuwa hivyo. Hadi mwaka 2022 mbio za farasi zilisimamiwa na tume za majimbo yapatayo 38, kila moja na kanuni zake za dawa, za mjeledi, za ukaguzi wa daktari kabla ya mbio na za adhabu. Kiwango cha dawa kilichoruhusiwa upande huu wa mpaka kiliweza kuwa kosa upande wa pili, na farasi walivuka mipaka hiyo kwa lori kila wiki.

Pesa, kwa upande wake, ilishavuka mipaka zamani. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1978 iliruhusu mtu aliye jimbo moja kuweka dau kwenye mbio zinazokimbiwa jimbo jingine. Madau yote hutiwa chungu kimoja. Uwanja na jimbo hukata asilimia yao, sehemu huenda kwenye zawadi za wenye farasi, na kinachobaki hugawanywa kwa walioshinda. Tangu hapo uwanja mkubwa huishi kwa kutuma picha za mbio zake nchi nzima. Biashara ikawa ya taifa, usimamizi ukabaki wa jimbo, na hilo likakaa miaka arobaini.

Bunge la Marekani halikukosa kuonywa. Mei 2008 farasi jike aliyeshika nafasi ya pili kwenye Kentucky Derby, mbio maarufu kuliko zote nchini humo, alivunjika vifundo vya miguu yote miwili ya mbele muda mfupi baada ya kuvuka mstari, akauawa kwa sindano palepale mbele ya kamera za televisheni. Mwezi uliofuata wabunge waliita watu, wakawahoji, wakawasikiliza. Sheria haikutoka. Muswada wa kuunda mamlaka moja ya taifa uliletwa mwaka 2015, nao ukalala.

Kuna jambo la tatu, la idadi ya farasi, ambalo kwangu lina uzito kuliko linavyopewa. Mwaka 1986 Amerika Kaskazini ilizaa zaidi ya farasi 51,000 wa mbio kwa mwaka. Kufikia 2019 walikuwa takriban 20,000. Viwanja vilipungua, ila si kwa kasi hiyo, na kila uwanja uliendelea kupewa siku za mbio za kujaza. Mbio zenye farasi watano haziwavuti wacheza kamari. Zenye kumi zinawavuta. Kwa hiyo ofisi ya uwanja inayopanga mbio huamka kila asubuhi ikiwa na kazi moja: kupata farasi wa kutosha. Simu inapigwa kwa mkufunzi. Mkufunzi ana farasi ambaye jana alionekana mzito kidogo wa mguu wa kushoto. Hapo ndipo kisa chetu kinapoanzia, kabla ya tone la kwanza la mvua.

Uwanja na jimbo lake

Santa Anita uko Arcadia, karibu na Los Angeles, chini ya milima ya San Gabriel, na ulifunguliwa Desemba 1934. Mazizi yake hubeba farasi karibu 2,000. Watunzaji wao, wengi wahamiaji kutoka Mexico na Amerika ya Kati, huanza kazi kabla ya alfajiri, na baadhi hulala hapohapo kwenye vyumba vya nyuma ya mazizi. Tutawarudia, maana walitajwa sana kwenye hoja za Juni.

California haikuwa jimbo bovu kuliko mengine, na nalisema hili mapema ili kisa kisieleweke vibaya. Tangu mwaka 1990 kila farasi anayefia katika uwanja ulio chini ya bodi ya California hupasuliwa na wataalamu ili sababu ijulikane, na idadi ya vifo hutangazwa. Kwingineko nchini, kutoa takwimu za majeraha kwa umma kulikuwa hiari ya uwanja, na viwanja vingi vilichagua kunyamaza.

Bodi hiyo iliwahi hata kutumia nguvu yake. Mwaka 2006 iliagiza viwanja vikubwa vya jimbo viondoe udongo na kuweka uso wa sintetiki. Santa Anita ukaweka mwaka 2007, mifereji ikashindwa kupitisha maji, mbio zikaahirishwa mara kadhaa, wakufunzi wakalalamika, na mwishoni mwa 2010 uwanja ukaruhusiwa kurudi kwenye udongo. Takwimu za taifa zilizokusanywa tangu 2009 zinaonyesha kwamba kwa jumla vifo ni vichache kwenye sintetiki kuliko kwenye udongo. Uamuzi mzuri uliotekelezwa vibaya uliliacha neno "sintetiki" likinuka California kwa miaka mingi, na sijui somo chungu kuliko hilo kwa mtu wa sera.

Msimu ulivyokwenda

Msimu ulifunguliwa Desemba 26, 2018. Mwisho wa mwezi huohuo msimamizi wa uso wa uwanja, mtu aliyeuhudumia kwa miaka na kuujua kama mkulima anavyolijua shamba lake, alistaafu. Kisha mvua ikaja, na ilikuwa nyingi kuliko ile California ya kusini iliyoizoea.

Uwanja wa udongo unapotarajiwa kunyeshewa, mashine hupita na kuushindilia ili maji yateleze juu badala ya kuzama. Mvua ikikatika, unachimbuliwa tena na kulainishwa. Mara moja au mbili haina neno. Ikifanywa juma baada ya juma, tabaka za chini na za juu huanza kutofautiana, na farasi wa kilo 500 anayekimbia kasi, ambaye kuna nukta uzito wake wote unabebwa na mguu mmoja mwembamba, hupokea tofauti hiyo kwenye mfupa. Mvua ilileta na shida nyingine isiyosemwa sana: siku za mazoezi zilifutwa, na siku iliyokauka kila mkufunzi alitaka kufidia kwa mbio za kasi.

Farasi wa kwanza alikufa Desemba 30. Januari na Februari waliendelea kufa, wengine mbioni, wengine asubuhi mazoezini. Mwishoni mwa Februari uwanja mkuu ulifungwa kwa muda mfupi, mtaalamu wa udongo kutoka Chuo Kikuu cha Kentucky akaletwa na rada ya kupenya ardhini. Hakukuonekana kasoro ya kuzuia mbio, na uwanja ukafunguliwa. Machi 5, alipokufa farasi wa 21, mmiliki aliufunga bila kutaja tarehe ya kufungua, akamrudisha yule msimamizi mstaafu aukague upya.

Machi 11 ulifunguliwa kwa mazoezi mepesi. Machi 14 farasi jike wa miaka mitatu alivunjika miguu ya mbele, akawa wa 22. Saa chache baadaye mmiliki alitangaza mambo ambayo tume yoyote ya Marekani ilikuwa haijathubutu kuyatangaza: kupiga marufuku dawa zote siku ya mbio, na kuzuia mjeledi usitumike ila kwa usalama wa joki.

Mbio zilirejea Machi 29. Machi 31 alikufa wa 23, safari hii kwenye nyasi, sehemu ya mteremko. Mteremko ukafungwa. Wiki kama sita zikapita bila farasi kufa mbioni, na watu wakaanza kupumua. Katikati ya Mei vifo vikarudi. Juni ikaja na ombi la bodi na jibu lake. Juni 22 alikufa wa 30, na kesho yake msimu ukaisha.

Maamuzi na waliokuwa nayo mkononi walipoyafanya

*Kufungua tena mwisho wa Februari.* Waliofungua walikuwa na ripoti ya mtaalamu mwenye vifaa vya kisasa, nami siwalaumu kwa kumwamini. Tatizo ni swali alilopewa. Aliulizwa kama udongo ni mzima. Hakuna aliyeulizwa, kwa mamlaka ileile na kwa haraka ileile, kama farasi ni wazima. Jibu la kwanza lilipokuwa "ndiyo", watu walilichukua kama jibu la maswali yote mawili.

*Marufuku ya Machi 14.* Dawa iliyolengwa zaidi ni furosemidi, inayojulikana mazizini kama Lasix. Hukojoza, hupunguza shinikizo la damu mapafuni, na hivyo huzuia farasi kuvuja damu anapokimbia. Ilienea viwanja vya Marekani kuanzia miaka ya 1970. New York ilikuwa jimbo kubwa la mwisho kuiruhusu, mwaka 1995. Hong Kong na Ulaya haziruhusu farasi akimbie nayo.

Lakini je, farasi wa Santa Anita walikuwa wanakufa kwa Lasix? Ushahidi wa hilo haukuwepo. Mmiliki aliichagua kwa sababu umma uliijua na dunia ilikuwa imeishaiacha, na kwa sababu ilikuwa ndani ya uwezo wake: uwanja ni mali yake, anaweza kuweka masharti kwa anayetaka kuingiza farasi. Ndani ya siku mbili wakufunzi na wenye farasi walikuwa wamekaa naye, na marufuku ikawa kupunguza dozi kwa nusu. Bodi iliidhinisha Machi 28. Angalia mpangilio: kampuni inatangaza, wafanyabiashara wanajadiliana, kisha mdhibiti anapiga muhuri.

Pamoja na yale yaliyopigiwa kelele kulikuwa na sharti moja la kimyakimya ambalo kwa maoni yangu liliokoa farasi wengi kuliko hayo mengine. Mkufunzi aliyetaka kumkimbiza farasi kwa kasi mazoezini alitakiwa kuomba ruhusa saa 48 kabla, ili daktari wa uwanja apate nafasi ya kumtazama.

*Kukataa ombi la Juni.* Uwanja na vyama viwili walikuwa na hoja zenye uzito, na mwalimu anayekifundisha kisa hiki bila kuzitoa anawadanganya wanafunzi. Kusimamisha mbio hakusimamishi mazoezi. Farasi wa mbio hawezi kufungiwa zizini wiki mbili. Wengine wangepakiwa na kupelekwa majimbo yenye ukaguzi mdogo zaidi. Watunzaji waliolala nyuma ya mazizi hawakuwa na mshahara mwingine. Na tangu Machi, kulinganisha na Januari na Februari, hali ilikuwa imeboreka kweli.

Hata hivyo walioamua ni watatu ambao kipato chao wote kinatoka kwenye mbio zile. Bodi haikuwa mezani kama mwamuzi, ilikuwa mwombaji. Na bodi yenyewe haikuwa safi kabisa, maana sheria iliruhusu makamishna wawe na farasi wao wa mbio, na baadhi yao walikuwa nao. Siku chache baadaye gavana aliingilia kati, kikaundwa kikosi cha watu watano cha kupitia rekodi za kila farasi aliyeandikishwa kukimbia, na wale walioonekana hatarini wakaondolewa orodhani. Ilifanya kazi. Lakini ilikuwa imepatikana kwa simu ya gavana, na gavana hawezi kupiga simu kila Jumamosi.

*Kumfungia mkufunzi mmoja.* Juni 22, baada ya farasi wa nne kutoka zizi lake kufa hapo msimu huo, mmiliki alimpiga marufuku mkufunzi mwenye jina kubwa katika viwanja vyake vyote. Bodi haikuigusa leseni yake. Kwa hiyo alihamia Los Alamitos, uwanja wa jirani katika jimbo lilelile, uliompokea. Uwanja wa Del Mar ulipomkatalia, alikwenda mahakamani na jaji akaamuru apewe nafasi. Kwa nini jaji asiamuru hivyo? Mtu ana leseni halali ya serikali; kosa lake halijasikilizwa wala kuthibitishwa popote. Kama alikuwa hatari, angezuiwa kote. Kama hakuwa, asingezuiwa hata mahali pamoja. Mfumo ulishindwa kumtendea haki yeye na farasi wake kwa wakati mmoja.

Matokeo

Juni 2019, msimu ulipokuwa ukiishia, California ilipitisha sheria iliyoiwezesha bodi kusimamisha mbio kwa notisi fupi mno badala ya siku kumi. Desemba, mwendesha mashtaka wa Los Angeles alimaliza uchunguzi wake: hakupata ushahidi wa kosa la jinai. Kati ya hapo, Novemba, uwanja uliandaa Breeders' Cup, mashindano makubwa ya kila mwaka ya mbio za farasi, na katika mbio za mwisho na kubwa kuliko zote farasi mwingine alivunjika mguu wa nyuma, baada ya kupita mikononi mwa madaktari wengi kuliko farasi yeyote wa kawaida. Uchunguzi huru uliofuata ulionyesha kwamba dalili zilikuwepo na zilipitwa.

Ripoti ya bodi juu ya vifo 23 vya kwanza ilitoka Machi 2020. Dawa haramu hazikukutwa. Wengi wa farasi waliovunjika walikuwa tayari na dosari mahali palepale walipovunjikia. Ule mpasuko mkubwa ulikuwa mwisho wa nyufa ndogo za siku nyingi. Asilimia 39 ya majeraha ya kufisha yalitokea kwenye uso ulioathiriwa na mvua, kwa hiyo mengi zaidi yalitokea kwenye uso mkavu. Baadhi ya waliohojiwa walieleza shinikizo la kuingiza farasi mbioni.

Mwezi huohuo wa Machi 2020 waendesha mashtaka wa shirikisho huko New York waliwashtaki watu 27, wakiwemo wakufunzi na madaktari, kwa mtandao wa kuwapa farasi dawa za siri. Mambo haya mawili kwa pamoja yaliuamsha ule muswada uliolala. Kiongozi wa Seneti, mwenyeji wa Kentucky, aliubeba, na Desemba 2020 ukawa sheria. Mamlaka ya taifa, HISA kwa kifupi, ilianza kusimamia usalama wa viwanja Julai 1, 2022, na dawa Mei 2023, chini ya uangalizi wa Tume ya Biashara ya Shirikisho.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi, kwanza, ni uwazi. Kama California isingekuwa na desturi ya kupasua na kutangaza, farasi 30 wangekufa na mashabiki wangesikia uvumi tu. Mwaka 2019, wakati Santa Anita ukiwa kwenye kila taarifa ya habari, wastani wa taifa wa vifo mbioni ulikuwa 1.53 kwa kila farasi 1,000 walioanza mbio, chini kuliko 1.68 ya mwaka uliotangulia. Nchi haikuwa imeharibika ghafla. Ilikuwa imewasha taa kwenye chumba kimoja. Uchungu wake ni kwamba uwanja uliotangaza uliadhibiwa na umma, na viwanja vilivyonyamaza vikaonekana salama, na hilo litaendelea kuwa hivyo mahali popote ambapo kutangaza ni hiari.

Pili, ukaguzi wa farasi badala ya ukaguzi wa udongo peke yake. Mwishoni mwa 2019 Santa Anita ukawa uwanja wa kwanza wa mbio kuwa na mashine ya PET inayompiga picha farasi akiwa amesimama, bila kulazwa kwa dawa ya usingizi, na kuonyesha mfupa unaochoka kabla haujapasuka. Sindano za kortikosteroidi kwenye viungo, ambazo hupoza maumivu na kumfanya farasi mwenye ufa atembee kama mzima, ziliwekewa masharti makali zaidi ya muda. Hatua zote hizi zinashika tatizo lile ripoti ililolitaja.

Kilichoshindwa ni mamlaka. Tuna msemo wa manahodha wengi na chombo kwenda mrama, nao hauenei vizuri hapa. Manahodha walikuwepo: mmiliki, bodi, wakufunzi, wenye farasi, gavana. Kila mmoja aliweza kushika usukani kidogo. Aliyekosekana ni mwenye haki ya kutia nanga bila kuwaomba wenzake. Kila mara chombo kiliposimama, kilisimama kwa sababu mwenye mali alitaka: Machi 5 mmiliki alifunga na kila mtu akatii siku hiyohiyo, Juni 8 serikali iliomba na haikupata. Nchi inayotegemea hofu ya kampuni juu ya jina lake imepata bahati mwezi Machi, na bahati hiyo ikaisha mwezi Juni.

Zile siku kumi zilikuwa na maana yake. Kikao kilichotangazwa mapema humlinda mwenye leseni dhidi ya bodi yenye chuki, na mtu yeyote aliyewahi kunyang'anywa kibali kwa barua ya jioni anajua thamani ya notisi. Kosa lilikuwa kuweka kipimo kimoja kwa mambo mawili. Kumnyang'anya mtu leseni ni adhabu, na adhabu inataka muda. Kusimamisha mbio kwa siku nne ili farasi wakaguliwe ni tahadhari, na tahadhari ikisubiri siku kumi haipo. Sheria ya zamani haikuwa na neno la kutofautisha hivyo viwili. Ningemwambia kila anayeandika kanuni za bodi yoyote kwetu aanze na ukurasa huo.

Jingine ni kwamba waliotibu walianza na kinachoonekana. Mjeledi unaonekana kwenye televisheni, Lasix inajulikana kwa jina. Ufa kwenye mfupa hauonekani, na simu ya ofisi ya mbio kwa mkufunzi haisikiki. Nazielewa hatua zile kama hatua za siku ya msiba, lakini zilitumia nguvu na muda mwingi wa majadiliano, na shinikizo la kujaza mbio likabaki na wenyewe. Hilo ndilo eneo ambalo hadi leo naona limeguswa kidogo kuliko yote. Idadi ya farasi haijarudi. Golden Gate Fields, uwanja mwingine wa mmiliki huyohuyo kaskazini mwa California, ulifungwa Juni 2024, na mbio zake hazikuondoka na farasi wake kwa uwiano. Zililazimika kutafutiwa mahali.

Miaka minne baadaye, jimbo jingine

Majira ya kuchipua ya 2023 farasi 12 walikufa Churchill Downs, Kentucky, nyumbani kwa Derby yenyewe. Safari hii HISA ilikuwepo. Iliita madaktari wa farasi kwa dharura, ikapitia vifo kimoja kimoja, na mwanzoni mwa Juni ikapendekeza mbio zisimamishwe. Lilikuwa pendekezo, kama lile la Santa Anita. Uwanja ulikubali, ukahamishia mbio zilizobaki uwanja wa Ellis Park.

Tofauti haikuwa ukarimu. HISA haina ufunguo wa geti la uwanja, lakini inaweza kuuzuia usitume picha za mbio zake majimbo mengine kwa ajili ya madau, na bila madau ya majimbo mengine uwanja mkubwa hauna biashara. Kamba ileile iliyofungwa mwaka 1978 na kuifanya pesa iwe ya taifa ndiyo iliyotumika hatimaye kuuvuta usimamizi. Wenye kuipinga wanaijua pia: Texas iliacha kutuma mbio zake nje ya jimbo ili sheria isiiguse.

Katika viwanja vilivyo chini ya HISA, vifo mbioni vilikuwa 1.23 kwa kila farasi 1,000 walioanza mwaka 2023, na 0.90 mwaka 2024. Mwaka 2009, hesabu za taifa zilipoanza, kiwango kilikuwa 2.00. Mahakama ya rufaa huko New Orleans imekwisha kuamua mara mbili, Novemba 2022 na Julai 2024, kwamba sehemu ya mamlaka hiyo inakiuka katiba kwa kumpa chombo binafsi nguvu za serikali; mahakama nyingine mbili za rufaa zimeamua kinyume. Juni 2025 Mahakama ya Juu ya Marekani ilizirudisha kesi hizo chini zikaangaliwe upya.